Dadu Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Watu wengi wakisikia neno dadu huwaza kamari mara moja. Humwona kijana amechuchumaa chini ya mwembe pamoja na wenzake, nauli yake ya kurudia shuleni imekwisha ingia mfukoni mwa mtu mwingine, naye bado anasema, "Mara moja tu tena." Kwa sababu hiyo wapo wakubwa, na hata wanafunzi wenzetu, wanaotaka dadu isionekane kabisa katika uwanja wa shule, iwe ya ludo au ya mchezo mwingine wowote.

Hofu yao si ya bure. Kamari imemaliza mishahara ya watu wazima, sembuse posho ya mwanafunzi. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba dadu yenyewe si kamari, kama vile kalamu si barua ya matusi. Nasema zaidi ya hayo: mwanafunzi aliyefundishwa kuifahamu dadu, kuitengeneza kwa mikono yake na kuipima, ni mgumu kudanganywa na wacheza kamari kuliko yule aliyekatazwa tu kuiona. Naomba wasomaji wanivumilie niyaeleze maoni haya kwa utaratibu.

Dadu ninazozitetea hasa si zile za nyuso 6 tulizozizoea. Ni zile za nyuso 4, 8, 10, 12 na 20, zitumikazo katika mchezo wa hadithi uchezwao mezani. Kwa kuwa si wote wanaoujua mchezo huo, yafaa nianze hapo.

Watu watano au sita hukaa kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Wengine kila mmoja hujitwalia mtu wa hadithini: huyu askari, huyu mganga, huyu mwizi mwenye mikono myepesi. Msimulizi husema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, na nyuma yenu mnasikia mbwa wakibweka." Kisha kila mchezaji hueleza mtu wake afanya nini. Mmoja asema, "Naruka." Je, atafika ng'ambo, au ataanguka majini? Wakiachiwa wenyewe watabishana mpaka kengele ya kulala. Hapo ndipo dadu inapoitwa. Mchezaji hutupa dadu ya nyuso 20, huongeza kitu kidogo kwa ajili ya ustadi wa mtu wake, na jumla ikifikia kiasi alichokitaja msimulizi, amevuka. Isipofikia, amelowa. Dadu ni hakimu asiye na jamaa mezani.

Dadu nyingine zina kazi zao. Kisu kikimpata adui, madhara yake huamuliwa kwa dadu ya nyuso 4. Upanga mrefu kwa dadu ya nyuso 8. Shoka kubwa kwa ile ya nyuso 12. Hakuna fedha inayowekwa mezani, wala hakuna anayetoka na mali ya mwenzake. Sisi tuliolelewa kwa "Paukwa!" na "Pakawa!" tutautambua upesi mchezo huu: ni hadithi, ila wasikilizaji wamepewa ruhusa ya kuingia ndani yake.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ulitoka Marekani mwaka 1974, nao uliitwa Dungeons & Dragons. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson, na ulitolewa katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, nakala 1,000 tu kwa mara ya kwanza. Sandukuni mlikuwa na vijitabu vitatu, lakini dadu hamkuwamo. Basi hizo dadu za nyuso nyingi zilitoka wapi? Zilitoka shuleni! Gygax aliziona katika orodha ya bidhaa ya kampuni moja ya California iliyouza vifaa vya kufundishia hesabu. Zilikuwa dadu tano za maumbo matano, zimetengenezwa ili walimu wawafundishie watoto elimu ya uwezekano. Wachezaji wakazinunua, na mpaka leo wanazitumia. Kwa hiyo mtu anayesema dadu hizi hazina kazi shuleni anamfukuza mtoto katika nyumba aliyozaliwa.

Wala tusidhani ni uzushi wa juzi. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, mjini New York, imo dadu ya jiwe yenye nyuso 20 iliyotoka Misri, nayo imechorwa herufi za Kiyunani. Ni ya zamani za utawala wa Wayunani au Warumi katika nchi ile.

Sasa tutazame maumbo yenyewe. Kwa nini 4, 6, 8, 12 na 20? Kwa nini si 7, au 14? Jibu lake aliliandika Euclid katika kitabu cha 13 cha Elementi zake, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulifuata bila ya taabu. Tuseme tunataka umbo ambalo kila uso una pande sawa na pembe sawa, nyuso zote ni namna moja, na kila ncha inafanana na nyingine. Kwenye ncha moja sharti zikutane nyuso tatu au zaidi, na jumla ya pembe zao sharti ipungue nyuzi 360. Ikifika 360, nyuso zitalala bapa kama vigae vya sakafu.

Twaa pembetatu, ambayo kila pembe yake ina nyuzi 60. Tatu zikikutana ni 180: tunapata umbo la nyuso 4. Nne ni 240: nyuso 8. Tano ni 300: nyuso 20. Sita ni 360, basi, zimelala. Twaa mraba wenye nyuzi 90. Mitatu ni 270: tunapata mchemraba wa nyuso 6. Minne ni 360, imelala. Twaa pembetano yenye nyuzi 108. Tatu ni 324: nyuso 12. Nne zimepita kiasi. Pembesita zikiwa tatu tu zimekwisha lala. Hesabu imefungwa: maumbo ni matano, na hakuna mtu atakayevumbua la sita, awe na mashine ya namna gani. Nakumbusha tu kwamba haya yote twaweza kuyasoma ubaoni tukayasahau baada ya mtihani. Lakini aliyekwisha kata pembetatu 20 za kadibodi na kuziunga kwa gundi hayasahau.

Dadu ya nyuso 10 haimo katika matano hayo. Kila uso wake una umbo la tiara wanazorusha watoto, pande zake hazilingani, lakini nyuso zote kumi zinafanana, hata ukiigeuza huwezi kujua uso upi ni upi isipokuwa kwa namba. Hiyo ndiyo siri ya haki: si uzuri wa umbo, ni kwamba uso mmoja usiwe na upendeleo ambao mwingine hauna. Dadu mbili za namna hii, moja ya makumi na moja ya mamoja, hutoa hesabu ya 1 mpaka 100. Mwaka 1985 Mmarekani Lou Zocchi alitoa dadu moja ya nyuso 100, nayo kwa kuwa karibu ni mpira, hukawia sana kusimama.

Angalia pia jinsi namba zinavyopangwa. Katika dadu ya nyuso 6 namba zinazoelekeana huleta jumla ya 7. Katika ile ya nyuso 8 ni 9. Katika ile ya 12 ni 13. Katika ile ya 20 ni 21. Namba kubwa na ndogo huchanganywa ili dadu ikiwa na kasoro kidogo upande mmoja, kasoro hiyo isikusanye namba kubwa zote pamoja. Ile ya nyuso 4 haina uso wa juu, maana ikitua ncha ndiyo hukaa juu. Kwa hiyo husomwa namba iliyo kwenye ncha, au iliyo chini karibu na meza, kwa jinsi ilivyochorwa.

Lakini faida kubwa ya dadu hizi si maumbo, ni kutufundisha kwamba bahati nayo ina sura yake. Chukua dadu moja ya nyuso 20. Wastani wake ni 10.5, na kila namba ina nafasi moja katika 20. Sasa chukua dadu tatu za ludo, uzitupe pamoja na kujumlisha. Wastani wake ni 10.5 vilevile. Mtu asiyefikiri atasema basi ni mamoja. La, si mamoja! Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka. Kati ya hizo, njia 27 huleta 10, na njia 27 huleta 11, lakini iko njia moja tu ya kupata 18, nayo ni sita, sita, sita. Anayetaka 20 kwa dadu moja ana nafasi 1 katika 20. Anayetaka 18 kwa dadu tatu ana nafasi 1 katika 216. Wastani ni mmoja, dunia ni mbili. Ya kwanza ni dunia ya ajabu, ambapo mnyonge humwangusha jitu mara kwa mara. Ya pili ni dunia ya kawaida, ambapo mambo mengi huangukia katikati. Msimulizi anayechagua dadu anachagua hadithi yake iwe katika dunia gani.

Kosa la namna hiyo hufanywa na wengi wasio na dadu ya nyuso 12. Husema, "Tutupe mbili za ludo tujumlishe." Kumbe dadu mbili haziwezi kamwe kuleta 1, na 7 huja mara 6 katika 36 wakati 12 huja mara 1 tu. Huko si kubadilisha chombo, ni kubadilisha sheria kimyakimya.

Hapa nafika kwenye jambo la kuzirekebisha dadu, ambalo naona ndilo linalotufaa zaidi, kwani dadu za dukani ni ghali na hazipatikani kila mji. Wachezaji wa kwanza kule Marekani walikuwa na shida kama yetu. Dadu zao za nyuso 20 hazikuandikwa 1 mpaka 20, bali 0 mpaka 9 mara mbili. Basi walichukua kalamu ya nta wakapaka namba za nusu moja rangi moja, na za nusu ya pili rangi nyingine, ili wajue hii ni 3 na ile ni 13. Hata baadaye kalamu ya nta iliwekwa sandukuni pamoja na dadu, mnunuzi ajipakie mwenyewe. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika, masanduku mengine yalitiwa vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, vya kukatwa na kuchotwa kikombeni. Hawakuaibika kwa hilo, na sisi tusiaibike.

Sisi tunaweza kufanya nini? Kwanza, mwenye dadu moja ya ludo na sarafu mbili tofauti tayari ana dadu ya nyuso 20. Atupe dadu, ikija 6 airudie, mpaka apate 1 hadi 5. Kisha atupe sarafu ya shilingi 100 na ya shilingi 200. Zikija kichwa zote mbili, asiongeze kitu. Ya 200 peke yake ikija mnyama, aongeze 5. Ya 100 peke yake ikija mnyama, aongeze 10. Zote zikija mnyama, aongeze 15. Nafasi tano mara nafasi nne ni 20, na kila namba imepata haki yake. Pili, penseli yenye pande sita ikichorwa namba ni dadu nzuri ya kuviringisha juu ya dawati. Tatu, dadu ya ludo yaweza kubandikwa karatasi, nyuso mbili alama ya kujumlisha, mbili ya kutoa, na mbili tupu. Nne za namna hiyo zikitupwa pamoja hutoa matokeo kutoka kutoa 4 mpaka kujumlisha 4. Katika njia 81 zilizopo, 19 huleta sifuri na moja tu huleta kujumlisha 4. Iko michezo ya hadithi inayochezwa kwa dadu hizo peke yake.

Nne, twaweza kuchonga au kumimina wenyewe, kwa mti, kwa jiwe laini, au kwa resini. Kazi hii ni ya sifa, lakini ndiyo yenye mtego. Mti una mishipa, upande mmoja mzito kuliko mwingine. Resini huficha mapovu ndani. Kadibodi hulemea upande ulioongezwa gundi. Na kila kitundu unachotoboa kuwa alama kinapunguza uzito wa uso ule.

Tusidhani kitundu ni jambo dogo. Mwaka 1894 mwanachuoni wa Kiingereza, Weldon, alipata matokeo ya dadu 12 zilizotupwa pamoja mara 26,306. Kila mara zilihesabiwa dadu zilizoonyesha 5 au 6. Kama dadu zingekuwa za haki kamili, hizo zingekuwa theluthi moja, yaani 0.3333. Zikawa 0.3377. Tofauti hiyo ni kama nne katika kila elfu, wala hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuiona mezani. Lakini katika mitupo mingi kiasi kile haikuweza kusingiziwa bahati. Sababu inayotolewa ni vitundu: uso wa 6 umetobolewa mara sita na ule wa 1 unaoelekeana nao mara moja tu, basi ule uliotobolewa sana ni mwepesi na hupenda kukaa juu. Ndiyo maana dadu za majumba ya kamari hujazwa vitundu vyake kwa kitu chenye uzito sawa na dadu yenyewe, mpaka uso unakuwa laini. Wenye majumba wale wanaijua hesabu vizuri. Swali langu ni hili: kwa nini mwenye jumba aijue, na mwanafunzi anayelengwa kuliwa fedha yake asiijue?

Basi kila dadu iliyorekebishwa sharti ipimwe. Kipimo cha kwanza ni cha jikoni. Tia chumvi nyingi katika gilasi ya maji mpaka dadu ya plastiki ielee. Izungushe kwa kidole, uiache itulie, uandike namba iliyo juu. Rudia mara nyingi. Ikiwa namba ileile inarudi juu kila mara, upande wa chini ni mzito. Kipimo hiki hakifai kwa dadu ya jiwe au ya chuma, maana haielei, na kinapima uzito tu. Dadu iliyokatwa vibaya yaweza kukipita.

Kipimo cha pili ni cha kalamu na subira. Tuseme umetupa dadu ya nyuso 6 mara 120. Ulitazamia kila namba mara 20. Umepata 14, 17, 19, 20, 22 na 28. Wengi watapiga kelele, "Imetiwa risasi! Namba moja imekuja 28 na nyingine 14!" Ngoja kwanza. Chukua tofauti ya kila namba na 20, izidishe kwa yenyewe, ujumlishe zote: 36, 9, 1, 0, 4 na 64 ni 114. Gawanya kwa 20, unapata 5.7. Kipimo alichokieleza Karl Pearson mwaka 1900, na aliyatumia matokeo yaleyale ya Weldon kuwa mfano, kinasema kwamba dadu ya haki ya nyuso 6 hupita 11.07 mara moja tu katika majaribio 20. Yako ni 5.7. Huna sababu ya kuihukumu.

Lakini angalia. Kama ungetupa mara 1,200, ukapata 140, 170, 190, 200, 220 na 280, yaani uwiano uleule, jumla ingekuwa 57. Hapo dadu ile haina utetezi, itupwe. Uwiano ni ule ule, ila mashahidi wameongezeka. Hili ni fundisho la kumfaa mtu maisha yake yote, awe hakimu, daktari au mwandishi wa gazeti: usimhukumu mtu kwa mashahidi wachache, na usikatae ushahidi ukiwa mwingi. Kwa dadu ya nyuso 20 mpaka wake ni 30.14.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba dadu itawazoeza vijana kamari. Najibu kwa hesabu. Mtu akikuambia, "Weka shilingi 100, ikija 6 nakupa 500," maneno yake ni matamu. Lakini kwa wastani katika mitupo 6 umetoa 600, na umepokea 500 mara moja. Katika mitupo 60 umempa shilingi 1,000 za bure, na dadu yake ni ya haki tupu, hajakuibia hata kidogo! Mashine za mitaani na michezo ya kubeti kwa simu zimejengwa juu ya msingi huohuo, ila hesabu yake imefichwa. Wenzetu wanaopoteza fedha huko hawakuponzwa na kujua dadu. Waliponzwa na kutoijua. Aliyepata kuitupa mara 1,200 na kuandika kila tokeo hamwamini tena mtu asemaye, "6 haijatoka muda mrefu, sasa zamu yake imefika." Anajua kwamba dadu haina kumbukumbu.

Pingamizi la pili ni la dini, nalo nalipa heshima yake. Wapo wanavyuoni wa Kiislamu wanaokataza mchezo wa dadu hata pasipo fedha. Mwanafunzi mwenye kushika hivyo asilazimishwe wala asichekwe. Kazi ya kukata maumbo na kupima uzito yaweza kufanywa bila ya mchezo, na kama vipande vya namba vya kuchotwa kikombeni vyafaa au havifai, hilo aulizwe mwalimu wake wa dini, si mimi.

Pingamizi la tatu husema, tunalo bao letu, lisilo na dadu, ambamo mtu hushindwa kwa akili tu. Tuna haja gani na bahati? Bao nalipenda, na lisiachwe. Lakini mkulima hupanda bila ya kuwekeana mkataba na mvua, na mvuvi hutweka tanga bila ya kuahidiwa upepo. Akili ya kuamua mambo wakati hujui kesho italeta nini ni akili nyingine, nayo pia yataka mazoezi.

Kwa hiyo natoa shauri, wala si shauri la gharama. Chama cha Hesabu kiruhusiwe kuwa na sanduku la dadu, na ufunguo ukae kwa mwalimu. Kila dadu iliyotengenezwa au kurekebishwa iandikwe katika daftari: nani aliitengeneza, kwa kitu gani, imetupwa mara ngapi, na matokeo yake. Isiyopita kipimo isivunjwe, bali iwekwe pembeni ya kufundishia wageni jinsi dadu mbaya ilivyo. Mwenye kutaka kuipamba dadu yake kwa rangi na nakshi aipambe apendavyo, lakini pambo likibadili haki, pambo liondoke. Na mtu yeyote atakayeweka fedha mezani, hata shilingi 50, atoke chamani siku ileile. Kwa masharti hayo sioni ni nani atakayedhurika, na naona wengi watakaofaidika, hasa wale ambao mpaka sasa huiona hesabu kuwa adui.

Wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Dadu iliyofungiwa kabatini na kukatazwa ni mbuzi aliye gunia mwake. Tukitoka hapa, wako wengi huko nje wanaongoja kutuuzia. Yafaa tulifungue gunia tukiwa bado hapa shuleni, mbele ya walimu wetu, kwa kalamu na daftari mkononi.